Siku Niliyomwambia Asionje

Yezu apewe sifa, ndugu zangu! Nawasalimu nyinyi mliokaa mbele, na nyinyi mliosimama karibu na mlango mkijiuliza huyu amekuja kutafuta nini. Nawaona. Mimi ni mtu wa kuona mambo. Hata glasi hii ya maji mliyoniwekea, nimekwisha kuitazama mara tatu tangu nisimame hapa.

Mnanijua. Mimi ni yule wa Kilibula, mwenye laboratwari ya kupima damu, ile ya mlango wa bluu. Niliondoka Uvira na shati moja. Lubumbashi nilibeba mifuko ya saruji ili nilipe masomo, nikarudi na diplome ambayo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuishika. Niliitundika ukutani ili mgeni aione kabla hajaniona mimi. Sikusaidiwa na mtu. Ndivyo nilivyokuwa nikisema, na nililisema hilo kila mahali.

Mtu aliyepanda hivyo hufikiri kila anayemkaribia anataka kumshusha. Nanyi mnajua desturi yetu: anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako, ujue hakuna karuho, ile sumu tunayoiogopa huku kuliko risasi. Wengi hufanya hivyo kwa adabu tu. Mimi niliifanya sheria. Harusini na matangani nilikwenda na termosi yangu. Jirani yangu Mwislamu, mwenye duka, aliponiletea pilau ya Idi, nilimshukuru sana, kisha nikaizika nyuma ya nyumba. Mke sina, kila msichana niliyemposa nilimchunguza mpaka akakimbia. Akina mama wa shirika letu walinipa jina la Papa Kifuniko. Siku moja nilifika kwenye sala nikamsikia mmoja akiwaambia wenzake, “Mufunike masahani, Papa Kifuniko iko anafika, atatupima wote.” Wakacheka. Mimi nikaweka akilini nani aliyecheka zaidi.

Ndipo ugonjwa ukaja. Ulianza kwenye vidole vya miguu, ukapanda magotini, ukaingia mikononi. Kijiko kilianza kuniponyoka. Daktari alisema ni mishipa ya fahamu, itachukua muda mrefu, na huenda nguvu zisirudi zote. Sikumwamini. Nilipima damu yangu mwenyewe, nikaikuta safi, nikasema: kumbe karuho hii ni ya ufundi, haionekani! Ndugu zangu, kutoonekana kwa sumu ndiko kulikokuwa ushahidi wangu. Na mimi ndiye mwenye diplome!

Nikabebwa kwa siri hadi Rurambo, kwa mganga. Alininywesha maji ya majani, nikatapika siku mbili, akanionyesha kitu kama nywele ndani ya beseni. Akasema aliyenitegea anakaa ndani ya parseli yetu, kiwanja chetu wenyewe. Nilishuka kutoka mlimani nikiwa dhaifu kuliko nilivyopanda, lakini nilikuwa na jina.

Jina lilikuwa Mama Riziki, mjane wa marehemu kaka yangu. Tunakaa parseli moja aliyotuachia baba, na mimi nikifa inabaki kwa watoto wake. Niliona hakuna haja ya kutafuta zaidi. Tatizo ni kwamba ndiye peke yake aliyekuwa akinipikia, na mikono yangu ilipokufa, ndiye aliyenilisha. Kila sahani aliionja mbele yangu. Asubuhi aliuonja uji, mchana aliuonja ugali na ndagala, miezi yote ile, wala hakuniuliza kwa nini namkazia macho hivyo. Nami nilijiambia: bila shaka anayo dawa ya kujikinga.

Sasa sikilizeni Mungu alivyonitega. Padri alikuwa amemchagua Mama Riziki awe anawapelekea wagonjwa Komunyo. Zamu yangu kwa kawaida aliifanya Padri mwenyewe, lakini Dominika moja aliitwa upande wa Mulenge. Baada ya Misa nikamwona Mama Riziki akiingia chumbani kwangu, na kile kisanduku kidogo cha Ekaristi shingoni. Akatandika kitambaa cheupe, akawasha mshumaa, tukasali Baba Yetu. Akainua Ostia Takatifu. Nikamwambia, “Onja kwanza.”

Naona aibu kulisema hili mbele ya altare, lakini ndivyo nilivyosema.

Hakukasirika. Alisema polepole, “Shemeki, hii sikuipika minye. Minye niko mubebaji tu. Siwezi kukuonjea Yezu.”

Nikageuza uso ukutani. Diplome yangu ilikuwa pale, ndani ya kioo chake. Nyuma yangu akaendelea, kwa sauti ileile: “Nilipoletwa hapa kuolewa, mama yenu alikuwa amekwisha kufa, na weye ulikuwa mutoto wa miaka mine. Nilikuwa nakulisha kwa mukono huu. Ulikuwa unafungua kinywa mbele kijiko kifike. Nilikuwa nacheka, nasema, huyu mutoto haulizake kitu.”

Ndugu zangu, sikusaidiwa na mtu, nilikuwa nikisema!

Nilitazama msalaba mdogo uliowekwa kando ya mshumaa. Nikakumbuka kwamba Bwana wetu naye alikuwa hapo na mikono isiyoweza kufanya kitu, na alipoona kiu alipokea sifongo yenye siki kutoka kwa watu waliomtundika. Hakuuliza nani ameijaza. Nikaelewa mikono yangu imekufa kwa ajili gani. Kama ingekuwa hai, ningeendelea kujilisha mwenyewe mpaka kaburini, nisijue kamwe kwamba nimewahi kulishwa. Mungu alinirudisha kwenye miaka minne kwa njia pekee iliyobaki.

Sitawadanganya kwamba hofu iliondoka. Haikuondoka. Nilifungua kinywa nikiwa bado naogopa, na Mama Riziki akasema, “Mwili wa Kristu,” nami nikasema, “Amina.”

Baadaye alileta uji. Akachota, akapeleka kijiko kinywani mwake kama siku zote. Nikamwambia, “Usionje.”

Kijiko kikasimama hewani. “Uko na hakika, Shemeki?”

“Hapana,” nikasema. “Lete tu.”

Neno hilo, “Lete tu,” ndugu zangu, ndilo wokovu wangu. Miguu yangu mnaiona, natembea kwa fimbo. Mikono imerudi nusu. Daktari alisema kweli, na bado ninayo diplome na bado najivunia, Mungu anisamehe. Na shuku haijahama yote; asubuhi hii tu nimejiuliza kwa nini Padri ameniomba mimi nizungumze. Lakini kila inapobisha, nakumbuka kinywa cha mtoto kilichofunguka kabla kijiko hakijafika. Wewe unayeteseka na kutafuta nani amekuroga, acha kutafuta. Mfungulie Mungu kinywa, hata ukitetemeka. Yeye anakulisha kwa mikono ileile uliyokuwa ukiiogopa.

Mama Riziki yuko pale, benchi la tatu, ananikunjia uso ili nimalize. Namaliza, Mama. Koo limekauka. Glasi hii sijui nani aliijaza, na mikono yangu haiwezi kuiinua bila kumwaga. Naomba mmoja wenu aje aniinulie. Yeyote.