Mama Matete na Plastiki ya Mtoni

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia naomba tusikilizane kidogo, maana marehemu mwenyewe alikuwa hajui kukaa kitako, na hata historia yake haisomeki taratibu.

Dada yetu mkubwa, ambaye wengi mlimwita Mama Matete, alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa kwanza wa fundi bomba na mshonaji, akamaliza shule ya msingi mwaka 1980 na sekondari 1986, akahitimu sayansi ya maji chuo kikuu mwaka 1990, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika maabara ya maji, alikofanya kazi hadi mauti yalipomkuta.

Tarehe 4 Juni 1994 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, ambaye alizoea kula peke yake kila mvua iliponyesha, mkewe akiwa mtoni kuchota maji ya kupima, wakajaliwa mabinti wawili, waliokua wakigombea beseni la kuogea kwa sababu mengine yote yalijaa matope ya kupimwa.

Mwaka 2015 alisimamia upandaji wa matete mtoni, juu kidogo ya mahali mji unapovuta maji ya kunywa, akapima maji kiangazi, akakuta chembechembe za plastiki zimepungua sana, akatangaza kwamba mto umepona, tukampigia vigelegele, lakini mvua kubwa zilipoanza plastiki ikaja bombani nyingi kuliko mwanzo, ndipo alipong'amua kwamba matete hayaimalizi, yanaishikilia tu kwenye mizizi na matope, na mafuriko yakija yanaiachia yote kwa mkupuo. Aliona aibu, akakosa raha kabisa, na tangu hapo kila mwaka kabla ya mvua aliingia mtoni na wenzake kukata matete na kuzoa yale matope, na aliyemshauri apunguze kasi alikabidhiwa koleo.

Alianza kuugua moyo Novemba 2023, akalazwa mara mbili, na kila aliyeingia wodini aliulizwa kwanza kama mvua imeanza, hadi alipofariki alfajiri ya tarehe 26 Februari 2024.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa waliomrudisha kitandani alipotoroka, majirani mlioacha shughuli zenu, na wafanyakazi wenzake mliomuuguza kama ndugu.

Mwaka huu matete hayajakatwa, kwa kuwa sote tulikuwa hospitalini, na wingu hilo mnaliona, kwa hiyo shemeji ameomba niwatangazie kwamba tukitoka hapa makaburini hatuendi nyumbani, tunashuka mtoni na nguo hizi hizi za msibani.

Dada, tumechelewa, lakini tunakwenda. Pumzika kwa amani.