Fundi Aliyeshuka Ngazi

Tunayemlaza leo alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1950, mtoto wa nne kati ya saba, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Baba yake alikuwa fundi saa, mama yake alifua nguo za watu. Alizaliwa mdogo mno, hata mkunga akasema, "Huyu mwombeeni tu." Wakamwombea. Uzeeni aliwatania dada zake kwamba maombi yale yalipitiliza kipimo.

Alianza darasa la kwanza Januari 1958 na akafika kidato cha pili mwaka 1967, mwaka aliofariki baba yake. Masomo yakaishia hapo. Walimu walimkumbuka kwa jambo moja. Saa ya ofisi ya mwalimu mkuu ilisimama, naye akaifungua bila ruhusa na kuifunga tena. Saa ikatembea, lakini skrubu moja ikambakia mkononi. Hakuna aliyemwona. Alikwenda mwenyewe kubisha hodi, skrubu kiganjani, akachapwa viboko vinne. Saa iliendelea kutembea bila skrubu ile.

Mwaka 1969 aliajiriwa katika studio ya picha, kuosha sinia za dawa za kusafishia picha. Fundi mzee wa pale ndiye aliyemfundisha kutengeneza kamera za filamu pana, zile nzito za kushika kifuani na kutazama kwa juu, ambazo filamu moja hutoa picha kumi na mbili tu. Studio ilipofungwa mwaka 1981 alipanga chumba ghorofani, juu ya duka la mshonaji wa kike. Chumba kilikuwa na dirisha moja, rafu tatu na meza aliyoizungushia ukingo wa mbao ili skrubu zisitoroke. Humo alikaa miaka thelathini na minane akiosha grisi iliyoganda, akifuta kuvu kwenye lenzi, akiziba mivukuto ya ngozi iliyovuja mwanga. Dunia ikahamia kwenye simu, yeye akabaki na waliobaki. Aliyemuuliza kama kazi bado ipo alijibiwa, "Ipo. Wateja ndio wanaokufa."

Kila jioni kabla ya kufunga mlango alipita kwenye rafu na kufyatua kila kamera iliyokuwa imekazwa, ili springi ilegee, moja baada ya nyingine, hata kama amechoka namna gani. Alisema springi haichoki kwa kazi, inachoka kwa kusubiri.

Juni 1984 yule mshonaji wa chini alipanda ngazi na kamera ya baba yake, aliyekuwa amezikwa wiki tatu kabla. Ilikuwa imekwama. Alisema ndani mna filamu, na katika filamu hiyo mna picha za mwisho za mzee, amekaa kibarazani akicheka. Marehemu wetu aliandika maneno hayo kwenye kikaratasi, akakifunga kwenye mkanda wa kamera. Siku ya pili kikaratasi kilidondoka chini ya meza. Siku ya tatu, mchana kweupe, akafungua mgongo wa kamera.

Filamu ya namna hiyo ikionwa na mwanga imeungua, hairudi.  Yule mshonaji hangejua kamwe. Picha huharibika kwa sababu mia, na fundi ndiye anayejua ipi ni ipi. Kisha akashuka ngazi.

"Dada, picha za mzee nimeziunguza. Nilifungua bila kuangalia."

Mshonaji hakuinua macho kwenye cherehani. "Na ungenyamaza, ningejuaje?"

"Usingejua."

"Basi umeshuka kutafuta nini?"

Fundi akageuka. Akapanda tena.

Miezi mitatu hawakusalimiana, na ngazi ilikuwa moja. Mwezi wa nne mshonaji akapanda na mfuko alioushona mwenyewe, kitambaa cheusi tabaka mbili, zipu mbili, mikono miwili yenye mpira wa kubana, ili fundi aingize mikono na kufungua kamera gizani bila kuona. Akautupa mezani. "Shika. Usije ukamfanyia mwenzangu."

Walifunga ndoa kanisani Jumamosi tarehe 7 Desemba 1985. Mungu akawajalia watoto watatu. Mke wake, ambaye sote twamwita Mama, alimtania maisha yote. Mchuzi ukiungua alisema, "Heri mimi nimeunguza mchuzi, kuna waliounguza wakwe." Wageni walicheka, na marehemu alicheka nao. Lakini neno la kusamehe Mama hakulitamka, na marehemu hakuliomba. Watoto walikua wakijua hivyo, kama mtu ajuavyo ngazi ya kwao ina kidato kibovu.

Mwaka 2019 kisukari kilianza kumla neva za mikono. Vidole vilipoteza hisia, skrubu zikawa zinamponyoka hata ndani ya ukingo. Tusiseme uongo mbele za Mungu: ilikuwa miaka minne mirefu. Mguu wa kushoto ukakatwa mwaka 2021. Mama alimgeuza, alimwogesha, alisinzia ameketi. Kuna siku wote wawili walikuwa wamechoka hata kusali, wakashikana mikono tu wakaiita sala.

Alikataa kufa na mali ya watu rafuni. Kamera tisa zilikuwa bado hazijakwisha, nazo zilihamishiwa nyumbani pamoja na rafu zake tatu. Nyingine alizimaliza polepole, nyingine alizirudisha akiomba radhi kwamba mikono imekataa. Septemba mwaka 2023 ikabaki moja, ya mwalimu mstaafu, mjane. Mtambo wa kuvuta filamu ulikuwa umekwama, na ndani mlikuwa na picha za mumewe. Kikaratasi mara hii kilishonewa kwenye mkanda.

Marehemu aliingiza mikono kwenye mfuko mweusi, akaitoa. "Siisikii filamu," akasema. "Nitaichana."

Mama alikuwa akikunja mashuka. Akaja akaketi kitandani, akaingiza mikono yake katika mfuko alioushona mwenyewe.

"Niambie."

"Tafuta kitasa upande wa kulia. Vuta. Mgongo utafunguka."

"Umefunguka."

"Usiguse katikati. Shika spuli ya filamu kwa ncha, zungusha taratibu, karatasi inayoifunika ibane."

"Inabana."

"Usiharakishe, mama watoto."

"Wewe ndiye wa kuniambia nisiharakishe?"

Ilichukua dakika arobaini. Ilipotoka, filamu ilikuwa imeviringwa barabara na kufungwa kwa utepe. Wiki mbili baadaye mwalimu alileta picha saba zilizosafishwa, akampangia marehemu kwenye blanketi. Mwanamume mwenye kofia, akimenya chungwa. Marehemu alizitazama mpaka mwalimu akaondoka. Ndipo Mama akasema, "Yale ya picha za baba nayo yamekwisha. Yalikwisha zamani, nilikuwa nimechoka tu kusema."

Marehemu alijibu, "Asante." Akaomba maji.

Alizidiwa Jumatatu tarehe 16 Oktoba, akalazwa hospitali. Jumatano tarehe 18 Oktoba 2023, saa kumi na dakika ishirini jioni, aliitwa na Muumba wake, Mama akiwa amemshika mkono usiosikia. Mama aliporudi nyumbani alipita rafuni kama alivyomwona mumewe akipita. Ilikuwapo kamera moja tu, ya marehemu mwenyewe. Akabonyeza. Haikulia. Ilikuwa imeshalegezwa.

Ameacha mjane, binti wawili na mwana mmoja, wajukuu watano, dada wawili waliomwombea, na rafu tatu zisizo na mali ya mtu.

Mungu aliyemkaza kwa kazi miaka yote hii amemlegeza. Apumzike, amechoka. Amina.