Binamu wa Ukutani: Miaka Arobaini ya Bwana Gustaw Pińczowski

Ijumaa tarehe 20 Juni 2008, kengele ya mwisho ya mwaka wa shule itakapolia, Bwana Gustaw Pińczowski atakuwa amemaliza miaka arobaini na karibu miezi kumi ya utumishi katika shule yetu. Alianza kazi tarehe 1 Septemba 1967, akiwa kijana wa miaka ishirini na mitano. Tangu hapo amekuwa mpiga kengele, mtunza chumba cha makoti, fundi wa kila kinachovuja, na adui wa njiwa wa darini. Amefanya kazi na wakuu wa shule saba, na wote saba wamewahi kumuuliza funguo zao ziko wapi.

Katika shule nyingi za hapa mjini Łódź, kumkabidhi mhudumu koti ni jambo la dakika moja. Unavua mabuti yenye theluji, unavaa ndara, unapewa kibati chenye namba ya kulabu yako, unakwenda darasani. Kwetu huchukua muda zaidi, kwa sababu kwetu kuna ukuta. Nyuma ya kiti cha Bwana Gustaw zimebandikwa picha zilizokatwa magazetini, na kila aliyemo pichani anaitwa Pińczowski. Yupo Izydor, bondia wa uzito mwepesi wa Buenos Aires. Yupo Regina, mpiga fidla wa Melbourne. Yupo Profesa Maksymilian, mwanahisabati wa Haifa. Yupo pia Salomon, bingwa wa sataranji, ambaye alishindwa mchezo mkubwa kuliko yote maishani mwake kwa sababu alisinzia huku akiongoza.

Kila kizazi cha wanafunzi kimemuuliza maswali yale yale, naye hajawahi kuchoka kuyajibu.

“Bwana Gustaw, huyu bondia ni nani wako?”

“Binamu.”

“Na huyu wa sataranji?”

“Binamu. Ndiyo maana mimi sichezi. Ukoo wetu ukikaa mezani hulala.”

“Bwana Gustaw, kwani wewe huna ndugu asiye maarufu?”

“Ninaye mmoja. Anashika koti lako, na hili koti lina tundu mfukoni.”

Sheria yake inajulikana. Atakayepoteza kibati hapewi koti mpaka asimame mbele ya ukuta na kueleza, bila kusoma, habari za Pińczowski mmoja. Ndiyo sababu wapo madaktari na madereva wa tramu katika mji huu wasiokumbuka hata mfalme mmoja wa Poland, lakini wanajua Regina alipiga fidla yenye nyuzi tatu usiku ambao wa nne ulikatika.

Ukweli ni kwamba hakuna hata mmoja wao anayejulikana kuwa binamu yake kweli. Jina lenyewe maana yake ni mtu wa kutoka Pińczów, mji mdogo wa kusini, na Wayahudi wengi waliotoka huko walilibeba bila kuwa na undugu. Kila mwaka, siku chache kabla ya Mwaka Mpya wa Kiyahudi, Bwana Gustaw huwaandikia kadi wote walio ukutani kuwatakia mwaka mwema na mtamu. Wengi wamemjibu. Profesa Maksymilian alituma kurasa tatu za hesabu kuthibitisha kwamba uwezekano wa wao kuwa ndugu ni mdogo mno, na mwishoni akaandika, “Kushiriki jina hili ni kama kushiriki kituo cha treni. Hata hivyo, heri ya mwaka mpya, binamu.” Bondia Izydor alituma glavu moja kuukuu na ujumbe mfupi: “Sidhani kama mimi ni ndugu yako, lakini nimepigwa sana kichwani, huenda nimesahau.” Glavu hiyo ndiyo inayozuia mlango wa chumba cha makoti usijifunge kwa upepo.

Sisi wanafunzi tulidhani kadi hizo ni mzaha wake. Mwaka huu ndipo tulipojua sababu, na yeye mwenyewe ameturuhusu kuiandika.

Mwaka 1942, karibu na Warszawa, dobi mmoja aliyeitwa Bi. Stefania alikabidhiwa mtoto mchanga na mwanamke Myahudi asiyemfahamu. Mwanamke huyo alikuwa na muda wa kusema mambo mawili tu: kwamba jina la ukoo ni Pińczowski, na kwamba baba wa mtoto alikuwa mwalimu wa shule fulani ya Łódź. Alitaja na mtaa. Wazazi hawakurudi. Bi. Stefania alimlea mtoto kama wake, akampa jina la Gustaw, na alipokuwa mkubwa akamweleza yote aliyoyajua, ambayo yalikuwa hayo mawili.

Shule hiyo ni hii yetu. Kabla ya vita ilikuwa shule ya watoto wa Kiyahudi. Gustaw Pińczowski angeweza kupata kazi yenye mshahara bora katika viwanda vya nguo. Mikono yake inajua mashine. Aliomba kazi hapa kwa sababu baba yake alipanda ngazi hizi za chuma. Alitumaini kwamba siku moja, nyuma ya kabati au chini ya ubao wa sakafu, ataona jina kamili. Alitafuta mpaka darini. Karatasi zote za zamani zilikuwa zimechomwa wakati wa vita. Mwaka uliofuata, 1968, serikali ilipowaandama Wayahudi, marafiki zake wengi Wayahudi waliiacha nchi wakiwa na sanduku moja moja, naye aliwasindikiza kituoni na kurudi kupiga kengele ya saa mbili. Walimwita mjinga. Aliwaambia kwamba bado kuna ubao mmoja hajaubandua.

Kukosa jina la baba si jambo dogo kwake. Katika sinagogi, mtu anayeitwa kupanda jukwaani wakati wa kusomwa Torati huitwa kwa jina lake na la baba yake. Sinagogi ya Łódź ina watu wachache. Sabato nyingine wanaume kumi wanaohitajika ili ibada ifanyike hupatikana kwa kumpigia simu mtu aliye bafuni. Kwa hiyo kila mmoja huitwa, tena na tena, isipokuwa Gerszon, ambalo ndilo jina la Bwana Gustaw huko. Asiyemjua baba yake anaruhusiwa kuitwa mwana wa Abrahamu, na mwangalizi wa sinagogi, Bwana Kalman Futerman, alimsihi kwa hilo miaka yote.

“Panda bwana, Gerszon! Mwana wa Abrahamu, kuna ubaya gani? Wafalme wangelitamani.”

“Abrahamu ni baba wa kila mtu,” alijibu siku zote. “Mimi namtafuta wangu.”

“Utamtafuta mpaka lini, mkaidi wee?”

“Mpaka nistaafu,” alisema, kisha akainuka kwenda kufunga dirisha.

Hapa inabidi tuseme kosa lake, maana yeye mwenyewe hulisema. Katika kadi zote alizoandika kwa miaka arobaini, hakuuliza hata mara moja. Aliona si adabu kumwandikia mtu maarufu salamu na papo hapo kumtwisha ombi. Aliwatakia afya, aliwasifu kwa kazi zao, akatia sahihi. Kuuliza si ujinga, lakini kwa mtu mwenye haya kuuliza ni mlima.

Bondia Izydor alifariki mwaka jana. Kadi zote za Bwana Gustaw alikuwa akiziweka katika ukumbi wake wa mazoezi, na mkewe, Bi. Fela, hakuwahi kuziona mpaka alipokwenda kuondoa vitu vya marehemu. Akasoma anwani ya mtumaji. Ilikuwa anwani ya shule aliyosoma yeye mwenyewe kwa mwaka mmoja, akiwa na miaka kumi na miwili, kabla wazazi wake hawajamchukua na kuhamia Argentina majira ya kuchipua ya 1939.

Barua yake ilifika Alhamisi moja ya Januari. Bi. Bożena, karani wetu, aliishusha mwenyewe hadi chumba cha makoti. Bi. Fela aliandika kwa Kipolandi cha zamani, cha kupendeza. Aliuliza kama ngazi za chuma bado zinapiga kelele. Alisema kwamba alipokutana na Izydor mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini, maana Pińczowski pekee aliyemjua kabla yake alikuwa mwalimu mwembamba wa jiografia, ambaye mke wake kijana alimletea chai shuleni akiwa ameifunga kwa skafu isipoe. Ndani ya barua kulikuwa na ukurasa aliouchana kutoka daftari lake la kumbukumbu, lile ambalo wasichana huwapa walimu waandike maneno ya heri. Wino umefifia lakini unasomeka: “Kwa Fela, ajuaye mito ya dunia nzima isipokuwa ule unaopita chini ya mtaa wetu. Mwalimu wako, Naftali Pińczowski.”

Mto wetu kweli umefukiwa chini ya barabara, na wageni hawaamini kwamba upo.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu 1967, kengele haikulia. Kipindi cha tatu kiliendelea kwa dakika kumi na moja za ziada. Darasa la pili B lilikuwa na mtihani wa fizikia, na kuna watu waliofaulu kwa sababu ya Naftali Pińczowski. Mwalimu wa zamu aliposhuka kuona kama umeme umekatika, alimkuta Bwana Gustaw amesimama katikati ya makoti, karatasi mkononi. Alisema tu, “Samahani. Nilikuwa na mgeni.”

Sabato ya keshokutwa yake, Bwana Kalman alimtania kama kawaida, bila kutarajia lolote. “Gerszon, unapanda leo? Mwana wa nani?”

“Mwana wa Naftali.”

Bwana Kalman akauliza tena. Si kwamba hakusikia. Alitaka tu lisemwe mara ya pili. Kisha akaliimba jina lote kwa sauti ambayo, wanasema, iliwaamsha hata waliolala safu ya nyuma, na Bwana Gustaw akapanda. Baadaye kulikuwa na samaki wa chumvi, keki ya asali, na vikombe vidogo vingi kuliko ilivyo desturi. Dirisha lilibaki wazi mpaka mwisho.

Mkuu wa shule alipendekeza tumuage kwa zawadi ya saa. Wanafunzi tulikataa, maana miaka yote hii saa ilikuwa ni yeye. Tumemuuliza anataka nini, naye ameomba ukuta usibanduliwe. Utabaki, na nakala ya ukurasa wa Bi. Fela imekwisha wekwa katikati, juu ya bondia na profesa. Mwenyewe amesema huyo si binamu.

Sheria ya vibati pia itabaki. Lakini Bi. Bożena analalamika: tangu Februari vimepotea vibati sitini na vitatu, na vyote vimepatikana siku ya pili mifukoni mwa waliovipoteza. Kila aliyesimama mbele ya ukuta alichagua kueleza habari za mwalimu wa jiografia.

Asante, Bwana Gustaw, kwa kila koti uliloturudishia likiwa kavu, na kwa vifungo ulivyovishona bila kumwambia mtu. Kulabu namba moja ni yako, na koti lako halitahitaji kibati. Gerszon, mwana wa Naftali, tunakuombea uishi kama watu wako wanavyotakiana, mpaka miaka mia moja na ishirini, na siku zako zote ziwe na dakika kumi na moja za ziada.