Kiti cha Mchoma Matofali

Jua liliwaka, lakini bibi aliyekaa mbele yangu kwenye basi alikuwa amemvalisha mjukuu wake sweta juu ya sweta. Mtoto alikohoa mfululizo. Kijana aliyekaa karibu nao, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, akasema, "Shikamoo mama. Kifua kinambana?"

"Marahaba, mwanangu. Ni hii baridi isiyo na majira. Alfajiri ndiyo hapumui kabisa."

"Mnakaa wapi?"

"Bondeni, chini ya tanuri la matofali."

Kijana akaitazama mikono yake yenye vumbi. Nami nikajifanya nasoma tangazo la dawa ya panya.

"Mama, si baridi. Ni moshi wetu, mimi ndiye ninayechoma pale. Tunawasha alfajiri kwa sababu zamani saa hizo upepo ulipanda mlimani. Siku hizi umegeuka, unashuka kwenu, na sisi tunawasha vilevile."

Bibi akamfunga mtoto vifungo vya sweta. "Usijitwishe, baba. Nawe una watoto wanaokula kwa tanuri hilo. Ni baridi tu."

"Ni moshi, mama."

"Nimesema baridi."

Sijawahi kuona mkosaji akinyimwa kosa lake.

Mtoto akakohoa tena. Kijana akanusa mkono wa koti lake, akainuka, akaenda kusimama mlangoni.

"Mbona unaacha kiti?"

"Nashuka hapo mbele, mama."

Tukapita kituo baada ya kituo. Basi lilipofika mwisho wa safari, bado alikuwa amesimama pale, na kwenye kiti chake mtoto alikuwa amenyoosha miguu, amelala.