Mwalimu Ayoubu, Aliyevuta ili Ajibiwe

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Marehemu Mwalimu Ayoubu bin Amisi tulimzika siku ileile aliyofariki, kama dini inavyotuagiza, na siku hiyo hapakuwa na nafasi ya kusoma neno. Ndiyo sababu maisha yake yanasomwa leo, Jumapili tarehe 13 Oktoba 2024, katika arobaini yake, hapa nyumbani kwake Kasongo. Anayesoma ni binti yake Rachida. Maneno ni ya mjane wake, Djamila, ambaye yumo ndani ya eda na anasikiliza nyuma ya pazia. Mimi sikusomeshwa. Nimesema, na mtoto ameandika kama nilivyosema.

Wote mlioketi hapa mmesikia linalosemwa mjini tangu mwaka jana: kwamba mwalimu alilishwa sumu na mke wake. Kesho, baada ya arobaini, ukoo utakaa kuamua kama mjane abaki katika nyumba hii au arudi kwao. Nimeombwa niseme kwamba marehemu aliugua ghafla. Hakuugua ghafla. Leo ugonjwa wake utatajwa kwa jina.

Marehemu alizaliwa Lusangi tarehe 9 Juni 1972. Baba yake alikuwa mkulima wa mpunga, mama yake Mbangubangu wa upande wa Kabambare. Baba alifariki marehemu akiwa bado mtoto wa shule ya msingi, na yaya yake Sumaili, yaani kaka yake mkubwa, ndiye aliyemchukua, akamleta hapa Kasongo na kumlea dukani kwake. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu ni kweli. Sumaili alimvisha, alimlisha, alimpeleka chuoni na shuleni. Pia alimkataza jambo moja kuliko yote: asiguse tumbaku. Mbele ya watu alikuwa akisema, "Mudogo wangu huyu, mdomo wake ni safi kama sahani ya Idi."

Alisoma shule ya msingi Lusangi na hapa mjini, akamaliza sekondari na kupata diploma ya serikali mwaka 1993. Mwaka uliofuata alianza kufundisha. Watoto wa darasa la tatu walimpenda kwa sababu hakuwa na fimbo. Alikuwa na sauti, na sauti hiyo ilitosha. Kuanzia mwaka 2001, vita ikiwa bado haijaisha, wazee wa msikiti wa mtaa wetu walimwomba awe mwadhini. Kabla ya kuadhini alikuwa na tabia ya kusafisha koo mara moja, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Wengi wenu mliamka kwa adhana yake. Mimi niliamka kwa lile koo, maana nilikuwa karibu.

Tulioana tarehe 22 Agosti 1998. Siku alipokuja kunichumbia, shangazi yangu alimuuliza anachoweza kunipa. Akajibu, "Mi siko na kitu, mama. Iko sauti tu." Shangazi akacheka: "Basi utamupikia Djamila sauti?" Alinipikia kweli. Nilipojifungua Rachida, alikaa jikoni akikaanga ndizi huku akisoma kaswida, na majirani wakasimama nje wakidhani tuna karamu.

Mwezi wa Juni 2010 walikuja watu wa utafiti wa tumbaku. Sisi tuliuita ankete. Walitaka kujua katika vijiji vya Kabambare nani anavuta, anavuta majani au sigara, tangu lini, anavutia wapi, watoto wanalala wapi moshi ukiwa ndani, na nani anakohoa. Mkubwa wao alikuwa Dokta Léon, kijana mwenye haraka. Alichagua watu wanaojua Kibangubangu, na mwalimu alikuwa mmoja wao. Aliyepangwa kutembea naye alikuwa muuguzi Dieudonnée, ambaye leo ameketi upande wa wanawake. Walikwenda kwa pikipiki, na mahali ambapo barabara ilikufa walikwenda kwa miguu. Alipokuwa safarini, wenzake walimshikia adhana.

Walibeba kibomba cha kupuliza. Ndani yake kuna kialama chekundu. Mtu anavuta pumzi, anapuliza kwa nguvu zote, na kialama kinapanda kadiri pumzi yake ilivyo. Mwanzoni vijiji vizima vilikuja kushindana. Mzee Faradji, mkulima wa tumbaku, alipuliza mbele ya wajukuu zake na kialama hakikusogea.

"Kibomba chenu kimekufa," akasema.

Mwalimu akakifuta, akapuliza, kialama kikagonga juu kabisa. Wajukuu wakapiga makelele. "Babu, si kibomba! Ni wewe ndiye umekufa!" Mzee aliwafukuza kwa ufagio huku naye akicheka mpaka akakohoa, na alipoanza kukohoa hakuweza kuacha. Mwalimu alipotusimulia alicheka, lakini aliporudia mara ya pili hakucheka tena.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ugonjwa wake ulipoanza.

Katika nyumba za wazee wa huko kuna desturi. Mgeni akija na neno zito, mwenye nyumba anawasha msokoto wa tumbaku yake mwenyewe, anavuta, anampa mgeni, mgeni anavuta na kuurudisha. Kabla msokoto haujarudi hakuna swali linalopata jibu. Atakayeukataa atapewa kiti, maji, hata chakula, lakini kila atakachouliza ataambiwa uongo kwa upole. Watu wengine wa ankete waliukataa. Walirudi na majibu ya aina moja: hatuvuti, hatukohoi, asante. Na vidole vya waliowajibu vilikuwa vya manjano.

Mwalimu alikataa katika nyumba za kwanza. Kisha akafika tena kwa Mzee Faradji. Mzee akawasha, akampa. Mwalimu akasema yeye ni mwadhini, havuti.

"Basi nenda ukaadhini," mzee akamwambia. "Hapa kwangu unataka nikufungulie kifua changu, na wewe chako umekifunga."

Akavuta. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na mzee akampiga mgongoni, akamjibu maswali yote bila kuficha. Nyumba ya pili vilevile, na ya tatu. Majibu ya kweli yalikuja. Dokta Léon alimsifu mbele ya wenzake. Dieudonnée alipomweleza dokta jinsi majibu hayo yanavyopatikana, dokta alisema, "Afanye kama wao, lakini moshi asiuingize ndani." Mwalimu alinirudishia maneno hayo kama ruhusa. Nikamuuliza, "Baba Rachida, mutu anaingiza moshi mudomoni halafu anauambia ubaki hapo?"

Alifanya kazi hiyo mpaka mwaka 2013, na kwa miaka hiyo alivuta kila siku ya kazi, nyumba kwa nyumba, tumbaku ya nyumbani, kali kuliko ya dukani. Novemba 2013 waliita mkutano Kabambare kuwaeleza watu walichokiona: kwamba kikohozi kinachowamaliza wazee kinatoka kwenye majani, na kwamba watoto wanaolala moshini hawapumui kama wenzao. Mwalimu ndiye aliyetafsiri kwa Kibangubangu. Dieudonnée alikuwapo. Mzee Faradji alisimama akauliza, "Mwalimu, ulivuta na mi. Kama ni sumu, kwa nini uliikunywa?" Watu wakacheka.

Mwalimu akajibu, "Niliikunywa ili unijibu, muzee."

Hapo hawakucheka.

Utafiti uliisha, watu wake wakaondoka. Tumbaku haikuondoka. Ilikuwa imeshamshika. Hapa Kasongo hakuna aliyemwona akivuta, kwa sababu alimheshimu yaya yake na aliona haya mbele ya msikiti. Alivutia shambani kwetu, nyuma ya mihogo, akarudi akitafuna majani ya mchaichai. Mimi nilijua. Nilifua kanzu zake. Nilimwambia aache, akaacha mwezi, akarudia. Mara tatu aliapa mbele yangu. Mtu aliyewafundisha wenzake hatari hiyo kwa lugha mbili hakuweza kujifundisha mwenyewe, na jambo hilo lilimla kabla ya ugonjwa kumla.

Mwaka 2022 sauti yake ilianza kukwaruza. Kila alfajiri lile koo alilokuwa akilisafisha mara moja alilisafisha mara nyingi. Mwanzoni mwa 2023 alishindwa kumaliza adhana, akashuka, akaketi kwenye ngazi za msikiti, na mwingine akamalizia. Watu wa mtaa walisema sauti yake imeibwa. Wiki hiyohiyo walikuwa wameshamjua mwizi: ni mimi.

Novemba 2023 tulikwenda hospitali moja Bukavu. Daktari wa huko, kabla hata ya kumgusa, alimuuliza, "Unavuta?" Mwalimu alinitazama kwanza. Kisha akasema, "Ndiyo." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilisema mbele ya mgeni. Ilikuwa kansa ya koo, na mapafu yalikuwa yamechakaa. Daktari alisema tumechelewa.

Tuliporudi alimwita Sumaili kitandani, mimi nikiwapo. Sauti ilikuwa imebaki kama ya mtu anayeongea chini ya mto. Akasema, "Yaya, ni tumbaku. Nilivuta. Nilivuta miaka mingi."

Sumaili akamwambia, "Wewe? Mi ndiye niliyekulea, ningejua. Unamufunika mwanamuke wako."

"Yaya, naapa."

"Usiape kwa ajili yake."

Dieudonnée alikuja akaeleza, naye akaambiwa ni rafiki yangu. Tangu siku hiyo chakula changu kilikatazwa kwa mgonjwa. Nilichopika kilimwagiwa kuku, na watu wakasimama kuangalia kama kuku watakufa. Kuku hawakufa. Hata hivyo uji wake uliletwa kutoka nyumba nyingine, na mume wangu alikufa bila kuonja tena kitu cha mkono wangu. Alikuwa akiomba kwa macho. Mimi nilikuwa mlangoni.

Siku za mwisho Dieudonnée alileta kile kibomba. Sijui kwa nini. Labda naye alikuwa hajui la kufanya. Mwalimu alikishika kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani, akakiweka mdomoni, akapuliza. Kialama hakikusogea. Akamtazama Dieudonnée, akatabasamu, na kwa mnong'ono akasema, "Kimekufa." Tulicheka watatu. Ndicho kicheko cha mwisho cha nyumba hii.

Alifariki Jumatano tarehe 4 Septemba 2024, alfajiri, huku mwadhini mwingine akiadhini. Tangu siku hiyo, kila alfajiri kabla ya adhana, ninasikia koo likisafishwa mara moja, taratibu, upande wa dirisha. Nimetoka nikaangalia. Rachida naye amelisikia. Sisemi ni nini. Ninasema kwamba aliyelishwa sumu na mke wake asingekuja kubisha hodi kwa mke huyo.

Juzi amefika mgeni kutoka Kabambare, mzee sana, kwa pikipiki, amefungwa kwa kitambaa mgongoni mwa dereva asianguke. Ni Mzee Faradji. Aliketi nje ya pazia, akasema na mimi bila kuniona, Rachida akiwapo.

"Mama Rachida, njiani nimesikia ni wewe."

Nikasema, "Ndivyo wanavyosema, muzee."

"Waongo. Ni mi. Ya kwanza niliiwasha mi, kwa mukono huu. Ya pili pia. Aliniambia ni mwadhini, nikamucheka."

Akakohoa. Nilisubiri. Halafu akasema, "Ukisomesha maisha yake, nitaje. Nitasimama." Kisha akapitisha chini ya pazia mkoba wake wa tumbaku, wa ngozi, na kiberiti ndani yake. Wazee wanaoutafuta tangu juzi wasiutafute tena. Uko kwangu.

Sijamsamehe Mzee Faradji. Nimwambie hivyo mbele ya watu, kwa kuwa yeye hakunidanganya. Lakini yeye, asiye ndugu, amepanda pikipiki na kifua kile kuja kusema ukweli, na wapo waliolala nyumba ya jirani ambao hawakuvuka ua.

Shemeji Sumaili, hasira yangu naijua na wewe unaijua. Ulimpenda kwa kutaka awe safi, naye alikuogopa mpaka akafa akijificha. Sikuombi kitu. Msikilize tu mzee huyu, maana mdogo wako ulikataa kumsikiliza.

Marehemu ameacha mjane, Djamila, watoto watatu, Rachida, Yassine na Chadia, mjukuu mmoja, yaya yake Sumaili, wanafunzi wengi ambao leo ni baba na mama, na huko Kabambare, katika nyumba alizoingia, watu wanaokohoa ambao walimjibu kweli.

Katika arobaini zetu sahani ya tumbaku hupitishwa kwa wazee baada ya dua. Leo haitapita.

Rachida, hapa nyamaza kidogo. Mzee Faradji, simama.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mwalimu Ayoubu, amrudishie sauti yake, na huko aliko apumue mpaka kialama kigonge juu.