Mama Tanuru na Ubao wa Sifuri

Tuanze na ukweli: katika jengo hili lote, maprofesa wakiwemo, hakuna anayejua tanuru kama mimi, na shule niliacha kidato cha pili kwa sababu walimu waliishiwa cha kunifundisha. Ananizidi mtu mmoja tu, naye anastaafu leo, Ijumaa tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na miwili kazini. Jumatatu namba moja ni mimi.

Mama Tanuru tunayemuaga hapa, ambaye mimi ni msaidizi wake, aliajiriwa kuosha vyombo vya maabara, na baada ya miaka miwili akawa anawafundisha wenye shahada. Nyie wa ofisi za juu mnaopita kwetu mbio mmeziba pua, kazi yake ni hii. Anapima shaba, salfa na metali adimu kama lanthani, anazitia kwenye mrija wa kioo, ananyonya hewa yote, anaufunga mrija kwa moto, kisha anaupasha moto polepole wiki nzima na zaidi. Ukiharakisha, mvuke wa salfa unajaa ndani na mrija unapasuka.

Profesa wetu alihangaika miaka minne akitafuta fuwele, akipata unga mtupu. Kila siku alikuja kuchungulia, mpaka Mama akamwambia, "Profesa, hii si chai. Kakae." Akakaa. Siku ya tisa ikatoka fuwele nyeusi, nene kama punje ya mchele. Eksirei ikaonyesha atomi zilivyojipanga, waya zikaonyesha umeme unavyopita, na Profesa akaruka hadi miwani ikamdondoka. Niliikanyaga mimi. Bahati mbaya.

Mimi nikifanya vizuri, Mama huniita "mwanangu". Nikivuruga huniita "bwana mkubwa". Nimekuwa bwana mkubwa kwa muda mrefu.

Fahari yake ni ubao ulio mlangoni: mirija 2,140, iliyopasuka 0. Wiki iliyopita sifuri ile ikawa moja. Ulikuwa mrija wake wa mwisho. Alivigeuza vipande, akamwambia Profesa kwamba aliufunga vibaya, mikono imezeeka. Akaifuta sifuri yeye mwenyewe.

Mama, asante kwa kutuvumilia. Uamke unapotaka, usipime kitu chochote, na chai yako ichemke haraka kuliko salfa.

Ila mikono yako haikukosea. Tanuru ilipangwa kumaliza Jumatatu ijayo, nawe ungekuwa umeshaondoka. Nilitaka uishike fuwele ile leo, mbele ya watu wote. Nikaongeza kasi ya joto mara tatu, nikaenda zangu kula. Niliporudi ulikuwa unaokota vioo. Ukaniambia, "Usihuzunike, mwanangu."

Nilistahili kuitwa bwana mkubwa. Asubuhi hii nimerudisha sifuri yako ubaoni. Chini yake nimeandika jina langu, na mbele ya jina, moja.