Majina Elfu Mbili na Kikombe cha Chai

Tangu mchomoko, gari dogo la abiria lililokuwa linakwenda Bunda, utoke Musoma, Nyangi alijifanya amelala kiti cha mbele, maana maneno ya huko nyuma yalikuwa matamu kuliko usingizi. Kwenye kiti cha nyuma, fundi wa kompyuta aitwaye Gody alifurahi kana kwamba amevua sangara wa kilo mia.

“Mama, majina elfu mbili! Ya kila kompyuta inayoruhusiwa kupita kwenye mlango wa mtandao wa ofisi yetu pale Musoma. Tulikuwaga tunayahamisha kwa mkono, mojamoja, kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya. Leo nimeandika programu, nikabonyeza, nikaenda kunywa chai. Kurudi, yote yamehamia!”

“Yesu wangu!” Mama Petronila, karani mstaafu wa parokia aliyeketi kando yake, alipiga makofi. “Mimi daftari la waumini nilihamisha mwaka mzima!”

“Ungenipata mimi!”

“Ungenipumzisha, mwanangu. Ila kila jina nililiuliza kwanza, huyu bado yupo? Aliyehama au kufa, nilimwacha kwenye daftari la zamani. Hiyo programu yako inaulizaga?”

Nyangi alifumbua jicho moja.

“Yule mhasibu tuliyemfukuza,” Gody alisema taratibu, “kompyuta ya ofisi alikataa kurudisha. Na jina lake nalo limehamia.”

Gari likasimama stendi ya Bunda. Gody hakushuka.

“Dereva, unarudi Musoma saa ngapi?”